Nyota Tano za Sue

Mama mkwe alihama Jumanne asubuhi, na hakwenda mbali. Alitoka nyumba ya Wachuka, akapita penye pengo la michongoma, akaingia nyumba ya Sue, mke wa mwanawe mdogo. Hatua sitini kwa fimbo. Lakini Wachuka, aliyekuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, aliona kama mama amepanda ndege.

Miaka mitatu mfululizo, Julai ilipoingia Mau Narok na baridi yake ya kutafuna mifupa, Maitu Wangare, kama walivyomwita mama mkwe huyo, alikuwa akifunga nyumba yake ya mbao na kuja kulala kwa Wachuka hadi Agosti iishe. Wachuka aliichukua kuwa haki yake, yeye mke wa kifungua mimba. Ni yeye aliyejua kwamba Maitu hunywa uji bila sukari, na kwamba goti linalomsumbua ni la kushoto. Sasa Sue, ambaye kwa Wachuka alikuwa bado bibi arusi wa juzi tu, alikuwa amefungiwa AC ukutani, ile mashine inayopoza nyumba wakati wa jua na kuipasha moto wakati wa baridi, na goti la kushoto likamfuata.

Wachuka alikwenda kuiona kwa kisingizio cha kuazima ungo. Ilikuwa nyeupe, haina kelele, na usoni ilibandikwa stika yenye nyota tano zilizopangwa kwa upinde, na chini yake namba: 480. Sue hakuwa ameibandua. Wachuka alijua sababu, au alidhani anajua: ni ya kuringia. Maitu alikuwa kwenye kiti chini ya mashine hiyo, amevua sweta, anacheka na Sue jambo ambalo hakuna aliyemweleza Wachuka. Alirudi nyumbani bila ungo, akiwa na ile namba kichwani.

Hapa lazima nieleze kazi ya Wachuka, maana ndiyo iliyomponza. Ana duka la mbegu na mbolea sokoni, na kwa miaka kumi na mmoja amewafundisha wakulima wa viazi kusoma namba za gunia la mbolea. Kumi na saba ni nzuri, ishirini na tatu ina nguvu zaidi. Namba ikipanda, na nguvu inapanda. Mkulima anayebisha hurudi msimu unaofuata na viazi vya ukubwa wa marumaru, na Wachuka humuuzia tena bila kumcheka sana.

Kwa hiyo alipoingia duka la vyombo vya umeme mjini Nakuru, hakuwa na haja ya kuelezwa.

"Karibu mathe," alisema kijana wa duka, Kipyegon kwa jina lililoandikwa kifuani. "Hii ndio iko poa. Nyota tano, 480."

"Hiyo naijua. Ile ya huko mwisho?"

"Ile ni 1,100. Lakini iko na nyota moja tu. Joto ni sawa na hii, mathe, shida ni hiyo namba. Ni units za stima itakula mwaka mzima. Nyota zikikuwa mingi, inakula kidogo."

"Kijana, mimi nauza mbolea. Namba nazijua."

"Hii si kama mbolea, mathe."

"Na bei yake iko chini ya hii yako ya nyota tano?"

"Iko chini, lakini..."

"Nifungie hiyo."

Nyota alizijua pia. Ni zile mwalimu wa chekechea humbandikia mtoto kwenye daftari ili asilie. Kijana alitaka kumsukumia mali ya bei ghali kwa mapambo, basi akome. Njiani kurudi, Wachuka aliikumbatia risiti na kuona jinsi Sue atakavyosoma ile 1,100 na kumeza mate.

Mashine ilipofungwa, hakumuuliza Maitu kama anataka kurudi. Alimtuma mumewe, Hiram, akalete mkoba wake. Maitu alikuja, akakaa, akasema kuna joto kweli. Siku tatu Wachuka aliimba akiosha vyombo. Siku ya nne mita ya stima ikaanza kulia, na tokeni zilizozoea kumaliza mwezi zilikuwa zimekwisha.

Alinunua nyingine, zikayeyuka vilevile. Hapo ndipo alipoanza ubahili wa kisirisiri. Akisikia miguu njiani, anawasha. Maitu akisinzia, anazima. Mama wa watu akawa anasinzia kwenye joto na kuamkia kwenye baridi, na baada ya siku chache akaanza kukaa na koti ndani ya nyumba. Hakulalamika hata mara moja. Hilo lilimuudhi Wachuka kuliko malalamiko.

Jumapili ilikuwa zamu ya jirani kupokea akina mama wa kanisa, lakini Wachuka aliomba wabadilishane. Alimtaka Sue akae pale, chini ya ile namba. Akina mama wakaja, wakavua shali, wakasifu. Sue alisifu pia, kwa upole wake ule wa kuudhi. Kisha, katikati ya maombi, mashine ikakata pumzi na mita ikaanza kulia. Mwombaji akaharakisha kufika amina. Mmoja mmoja, akina mama wakavaa shali zao.

Walipoondoka, Sue alibaki kusaidia kukusanya vikombe. Akainua macho ukutani.

"Mama Zeddy," akamwita Wachuka kwa jina la mwanawe, "nani alikuuzia ya nyota moja?"

"Nilichagua mwenyewe. Yako ni 480 na yangu ni 1,100."

Sue hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. "Hiyo ni stima inakula," alisema. "Joto ni lile lile."

Wachuka alifuta kikombe kimoja mara mbili. "Wewe ulijuaje?"

"Nilisoma. Nilizunguka maduka wiki mzima nikisoma hizo stickers, sikutaka kukosea." Akaweka vikombe juu ya sinia. "Miaka tatu nimeona Maitu akipita kwa mlango yangu akikuja kwako. Hata hasimami kunisalimia. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Jibu la Wachuka lilikuwa limening'inia ukutani, limezimika.

Maitu akatoka chumbani, koti limefungwa hadi shingoni. "Wachuka, nirudi kwa Sue ama nitafute blanketi?"

Wachuka aliubeba mkoba yeye mwenyewe.

"Kuja pia wewe," Sue alimwambia penye michongoma. "Chai iko."

Akaenda, mkoba mkononi. Walikaa chini ya nyota tano, Wachuka na Maitu kwenye kochi, Sue kwenye stuli. Kabla chai haijaisha Maitu alisinzia, na kichwa chake kikaangukia bega la Wachuka. Sue akatazama. Wachuka aliyajua macho hayo. Ndiyo aliyokuwa nayo mwenyewe dirishani, ile Jumanne.

Alikaa hivyo kwa muda, akifaidi, maana hakuwa malaika. Kisha akajisogeza polepole, akimvuta Maitu naye bila kumwamsha, hadi mwisho wa kochi, na upande wa pili wa mama pakapatikana nafasi ya mtu mmoja. Akamwita Sue kwa kidevu.