Boriti Juu ya Ngazi

Miaka mitatu alisomea uchoraji wa majengo, akafaulu, akakitia cheti kwenye fremu na kukitundika juu ya meza yake ya kazi. Ofisini wakambatiza jina Stashahada, naye akalipenda. Mdogo wake aliacha shule kidato cha pili. Aliuza vitambaa dukani, na mteja akitoka tu, macho kwenye simu: anatazama watu asiowajua wakionyesha jinsi ya kuchora nyumba kwa kompyuta. Stashahada mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale ofisini, awe anapokea wageni. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Haikupita miezi sita, mhandisi mwenye ofisi akaiona nyumba ambayo mdogo mtu aliichora kwa kujifurahisha. Ilizunguka kwenye kioo cha kompyuta, paa likafunuka, vyumba vikaonekana hadi vitasa.

"Binti, umesoma chuo gani?"

"Chuo cha simu, bosi."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Stashahada naye akacheka, kwa meno tu. Siku hiyohiyo mdogo wake akapewa zahanati ya ghorofa aichore.

Tangu hapo roho ikakosa pa kukaa. Mama yao akisema, "Huyu mtoto ana kipaji," yeye anasikia, "Wewe ulikaa darasani bure."

Kuta za chini za zahanati zikiwa zimeshasimama, Jumatatu mdogo wake akamletea michoro ya sehemu iliyobaki. "Dada, ipitie kabla haijatoka. Wewe ndiye unayejua."

Akapitia. Alipofika kwenye ngazi, mkono ukasimama. Boriti ya zege ilikatiza juu ya kipandio cha tisa, chini mno. Mtu mzima angejigonga paji la uso, na wabeba machela wasingepita kabisa. Kosa hilo alilijua vizuri. Mwaka wa kwanza chuoni lilimkosesha alama zote.

"Iko sawa," akasema, akatia saini.

Siku tatu alijiambia kwamba dunia itamfunza yule. Alhamisi mhandisi akawatuma wote wawili kwenye ujenzi. Mbao zilikuwa zimeshapigwa, nondo zimeshafungwa, mashine ya zege inanguruma. Mdogo wake, kofia ya ujenzi imemwangukia hadi kwenye nyusi, alikuwa anapiga picha za kumpelekea mama.

"Tumwage, dada?" fundi mkuu akauliza.

Stashahada aliwaza wabeba machela wamekwama katikati ya ngazi, na mgonjwa juu yake.

"Zima mashine."

Akaeleza. Fundi akapanda na futi yake, akapima, akatikisa kichwa. Mdogo wake akamgeukia.

"Lakini uliipitia mwenyewe, dada. Hukuiona?"

Kusema hakuiona kungekuwa rahisi.

"Niliiona. Jumatatu."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka uaibike. Nilikuonea wivu. Hata sasa ninakuonea."

Mdogo wake akavua kofia, akaenda kusimama nyuma ya rundo la matofali, mabega yakimtikisika.

Mhandisi alimpa Stashahada barua ya onyo na kumwondoa kwenye ukaguzi. Hilo alilimudu. Lililomshinda ni ukimya: siku tisa mdogo wake hakumpa hata salamu, nyumbani wala ofisini. Siku ya kumi akavuta kiti, akaketi mezani pa dada yake.

"Nimetafuta kwenye simu kote. Wanaonyesha ngazi zinavyopendeza. Hakuna anayesema kichwa cha mtu kinapita wapi. Nifundishe."

"Na wewe unifundishe hicho kinachozunguka."

"Nitakufundisha. Ila kukuamini, bado."

"Najua."

Stashahada akachukua penseli, akachora vipandio, akamwonyesha hesabu yake. Mdogo wake alirudia mara moja tu, akaipata bila kosa. Yeye ilimchukua muhula mzima. Wivu ukampanda tena kooni, palepale, mbichi kama wa juzi. Akaumeza, akafungua ukurasa mwingine.