Mapigo ya Moyo wa Alupo

Alupo alikuwa ametapika tena. Safari hii alitapikia uani, akiwa amekwisha kuvaa sare, na mama yake, Petronilla, akabaki amemshika mabega huku uji ukipoa mezani. Ilikuwa Jumanne, na kila Jumanne Gredi ya Tisa walianza na Hesabu.

Baba yake, Mwalimu Emorut, hakutaka kuuona uhusiano huo. Yeye mwenyewe alifundisha Hesabu katika shule ya sekondari upande wa Malaba, na watu wa Adungosi walikuwa wakisema kwamba darasani kwake hata kikohozi huomba ruhusa. Kwake yeye hiyo ilikuwa malaria. Kama si malaria, basi vidonda vya tumbo, au minyoo. Walikuwa wamepima damu, choo na mkojo, mtoto akameza dawa za kila rangi, na bado alizidi kukonda, sketi ikimning'inia. Mtihani wa kitaifa ulikuwa unakuja mbio. Emorut alikuwa amefika mahali ambapo angeupokea ugonjwa wowote ule kwa mikono miwili, mradi uwe na jina na sindano yake.

Asubuhi hiyo alimpakia binti yake kwenye pikipiki, wakaenda zahanati. Daktari Adoyo, mama wa makamo aliyetoka Port Victoria, alimsikiliza, kisha akamwomba atoke nje ili yeye azungumze na msichana peke yake. Alipomwita tena alikuwa amefunga dirisha la kutolea dawa, wasisikike nje.

"Mwalimu, tumbo la huyu mtoto halina shida. Anaogopa hesabu."

"Kuogopa si ugonjwa, daktari."

"Na si uvivu pia. Ni kitu kinajulikana, watu wamekisoma na wanakipima. Nimemuuliza: ukiitwa ubaoni unaogopa kiasi gani, moja mpaka tano? Ukiambiwa kesho kuna mtihani? Ukifungua tu kitabu? Karibu kote amenipa tano. Mtu akiogopa hivyo, hofu inajaa kichwani mpaka nafasi ya kufikiria inakosekana. Anakosea. Akishakosea, anaogopa zaidi."

"Hayo ni maneno yake. Mtoto anaweza kusema tano kwa kila kitu."

"Basi uliza moyo. Nilipotaja hesabu tu, mapigo yalipanda toka themanini mpaka mia na kitu."

Hapo ndipo Emorut alipopata pa kushika. Namba! Kama hofu ilikuwa na namba, basi ilikuwa na njia ya kuishusha. Kesho yake alipita duka la dawa pale Malaba akanunua kile kidude cha kubana kidoleni, kile kilichozoeleka wakati wa korona, kinachoonyesha mapigo ya moyo kwa tarakimu nyekundu.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni baada ya chai, Alupo aliketi mezani kidole kimebanwa, na baba yake pembeni. Emorut alianza kwa kumpa hesabu nyepesi, akapanda polepole, jicho moja kwenye daftari na jingine kwenye kidude. Hakuwahi kumpiga binti yake hata siku moja. Aligonga tu meza kwa kifundo cha kidole na kusema, "Fikiria, Alupo. Fikiria." Tarakimu zikapanda. Alupo akafuta, akaandika, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

Jambo moja lilimkera Emorut. Hata alipompa hadithi ya Kiswahili asome tu, mapigo yalianzia juu ya mia. Alidhani ameuziwa kitu kibovu. Alikirudisha Malaba, mwenye duka akakibana kwenye kidole chake mwenyewe, kikasoma sabini. Emorut akarudi nacho nyumbani, akamwagiza Alupo akivae mchana kutwa Jumamosi, akizoee.

Jumamosi hiyo alikuwa na mkutano wa matanga Bumala, ukaisha mapema. Alikuta kitambaa kimetandazwa mbele ya nyumba, akapitia mlango wa jikoni asikikanyage. Akasikia sauti ya Petronilla sebuleni, kwenye cherehani.

"Iko mita saba na nusu. Gauni moja linakula mita moja na robo. Tunatoa ngapi?"

"Sita, mama. Hakuna kinabaki."

"Na wale wateja sita wakitaka mikono mirefu, kila moja ile mita moja na nusu?"

"Tano." Alupo alijibu huku akikata, wala hakuinua kichwa. Halafu akacheka. "Mmoja wao atakuja kanisani na nguo ya zamani."

Emorut alichungulia. Kidude kilikuwa kidoleni. Sabini na nane.

Furaha ilimjaa, akatoka akipiga makofi. "Si umeona! Si unaweza!"

Mkasi ukaanguka. Mabega ya Alupo yakapanda hadi masikioni. Mia na tano. Mia na kumi na tisa. Na hakuna aliyekuwa amemuuliza hesabu yoyote.

Emorut alirudi jikoni kama aliyesahau kitu. Alisimama karibu na jiko, akasubiri, akachungulia kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe. Tarakimu zilikuwa zinashuka. Akachota maji kikombe, akajilazimisha kutabasamu, akatoka taratibu. Zikapanda, kupita zile za mwanzo. Miaka yote alikuwa amewafundisha watoto wa watu hili: vyote vikibaki vilevile na kimoja tu kikabadilika, jibu ni hicho kimoja.

Alupo naye alikuwa akiziangalia tarakimu. Alikikamata kidole kwa mkono wa pili, akakibana kwa nguvu.

"Samahani, papa," akasema, machozi yakimdondoka. "Najaribu kuizuia, inakataa. Hii pia nimeanguka?"

Petronilla ndiye aliyekiondoa kidude.

"Nilikuambia uwache kumfundisha," alimwambia baadaye, bila kumtazama. "Ukasema mimi niliishia darasa la saba."

Jumatatu Emorut alirudi zahanati peke yake, akapanga foleni na wagonjwa.

"Nipe dawa, daktari."

"Ya nani?"

Hakujua, akamsimulia yote ya Jumamosi. Adoyo alimwambia aache kupima, aache kufundisha, akae na mtoto mahali pasipo na jibu la kukosea. Itachukua muda, akasema.

"Mtihani ni mwezi ujao."

"Najua. Utapita kabla hajapona."

Alijaribu. Walipalilia mihogo pamoja, kila mmoja na jembe lake. Walipofika katikati ya shamba, Alupo akauliza kwa sauti nyembamba, "Papa, unataka nihesabu mistari?" Akamwambia hapana, hataki. Aliona usoni mwake kwamba hakuamini.

Asubuhi ya karatasi ya Hesabu Alupo alitapika. Emorut alikuwa ameshatoa pikipiki, ameipangusa kiti.

"Papa," akasema msichana, akitazama chini, "naweza kwenda na mama kwa miguu?"

"Nendeni," akasema.

Jioni Emorut alimsikia binti yake akirudi. Alupo aliingia jikoni moja kwa moja kwa mama yake, akaanza kueleza: alifanya nusu ya kwanza, kisha maandishi yakawa kama yanaelea, hakuona tena kitu. Alilia, akanyamaza, akaendelea kueleza. Emorut alikuwa nje ya mlango wa jikoni, mkono kwenye kitasa. Akauondoa, akaenda kukaa mbali, upande wa zizi, ili mtoto amalize kusema.