Yeyote Aliyeanguka Karibu Naye

Sixten alipotuambia kwamba madaktari wameacha kumtibu, alisema pia kwamba Jumamosi tutacheza kama kawaida.

Kwa miaka kumi na tisa tulikuwa tukikutana jikoni kwake, hapa mjini Norrköping: yeye, bintiye Ylva, na mimi. Katika mchezo wetu wa mezani wao wawili kila mmoja alikuwa na mhusika wake. Mimi nilikuwa msimamizi, nikisimulia yanayowapata, na penye utata wa kanuni neno langu ndilo lilikuwa la mwisho. Mhusika wa Sixten alikuwa tabibu mzee wa milimani aitwaye Orvar. Alianza kumcheza Orvar wakati Ylva ana miaka kumi na miwili.

Jumamosi hiyo mchana Ylva alioka mikate ya iliki. Babake hakuweza kula. Tulicheza saa mbili hivi, kisha Orvar, akimkinga mhusika wa Ylva darajani, akachomwa mkuki. Dadu ndizo huamua, na siku hiyo zilikuwa mbaya. Akafa.

"Bado ana ule uwezo wake," Ylva akasema haraka. Akafungua kitabu cha kanuni, akasoma: "Mara moja maishani, tabibu anaweza kumrudishia uhai yeyote aliyeanguka karibu naye." Akanitazama. "Yeyote ni yeyote, anko Torkel. Na nani yuko karibu naye kuliko yeye mwenyewe?"

Sixten akacheka hadi akakohoa. "Huyu nilikosea, ningemsomesha uwakili."

Kitabu hakikusema zaidi. Moyoni nilijua aliyeandika alikuwa na watu wawili akilini, mmoja amesimama, mwingine yuko chini. Maiti haimtibu mtu. Lakini niliiona mikono ya Sixten ilivyokonda, nikasema, "Sawa, inakubalika. Orvar anaamka."

Sixten akaweka kikombe chini. "Ungeamua hivyo mwaka jana?"

Nikakigeukia kitabu cha kanuni.

"Torkel, nakuuliza wewe."

"Hapana."

"Basi usinianzie leo. Kila mtu ananionea huruma, hadi yule anayeleta magazeti. Hapa mezani niacheni nicheze. Soma kanuni kama ulivyokuwa ukisoma."

"Baba, acha basi," Ylva akasema. "Ni mchezo tu."

"Wangu huu, mwanangu. Niachie."

Nikasema Orvar amekufa. Sixten akaandika tarehe chini ya karatasi ya mhusika wake, akaikunja mara mbili. Ylva akavaa koti, akatoka bila kuniaga.

Nilimtembelea Sixten mara mbili baada ya hapo. Alitaka nimsimulie Orvar alivyozikwa, naye akawa ananisahihisha akiwa amefumba macho. "Weka mvinyo, bwana. Watu wa milimani hawazikani kwa maji." Siku ya kumi na moja baada ya mchezo ule akafariki.

Kanisani, siku ya mazishi, Ylva alikaa mbali nami. Nje kwenye theluji ndipo aliponijia.

"Najua ulisoma sawa," alisema. "Na baba alifurahi, aliniambia mwenyewe. Ila mimi sikutaka usome sawa, anko. Nilitaka aamke."

Nikamwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa, akaelekea kwenye gari lake.

Nimemwandikia Krismasi mbili, hajajibu, na simlaumu. Jumamosi mchana sina pa kwenda. Huwa natembea kando ya mto mpaka miguu ichoke, kisha narudi nyumbani.