Kinyozi Mwenye Ndevu

Mume wangu ni kinyozi. Siku Mkunga wa mtaani kwetu alipotangaza kugombea ubunge, mume wangu aliapa mbele ya wateja wake kwamba hatagusa ndevu zake mpaka mama huyo ashinde. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nafagia nywele sakafuni, nikajisemea moyoni, haya, nimekwisha.

Ndevu zenyewe hazikuwa na adabu. Upande mmoja ziliota nyingi, upande wa pili chache, na zilinichoma shavuni kila aliponikaribia. Wateja wapya walichungulia mlangoni, wakamwona, ghafla wakakumbuka kuwa wana haraka. Nani ampe kichwa chake kinyozi ambaye chake mwenyewe kimemshinda? Na kila redio ilipotangaza kura za maoni, Mkunga alikuwa mkiani, huku mpinzani wake, Mkandarasi, akizidi kupaa.

"Baba Kadogo, nyoa," nilimwambia. "Mimi kura yangu naipeleka kwa Mkandarasi. Ameahidi mtaro hapo mbele, na angalau yeye atashinda. Kumpa Mkunga ni kuitupa."

"Mpe," alisema huku akifuta kioo. "Kura ni yako, ndevu ni zangu."

Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Nimeolewa na mtu ambaye hata kugombana naye ni kazi ya kuomba.

Wiki ya mwisho ya kampeni Mkunga alikuja dukani mwenyewe, viatu vimejaa vumbi, sauti imekauka kwa mikutano. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akamtazama mume wangu kupitia kioo, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nyoa, mwanangu," akasema. "Kiapo nimekusamehe. Hizo habari za redio hata mimi nazisikia. Usiue biashara kwa ajili yangu."

"Mama, Kadogo alizaliwa kimya," mume wangu akajibu. "Wenzako walishamfunika. Wewe ukamfunua, ukaendelea kumpulizia pumzi. Nani alikuwa amekuambia kwamba atalia?"

Mkunga akainama kufuta vumbi viatuni. Mimi nikawa nakunja taulo lile lile, nalikunjua, nalikunja tena. Siku ile nilikuwa nimelala pale kitandani nasubiri kusikia sauti ya mwanangu, na sijawahi kumsimulia mtu nilivyosubiri.

Uchaguzi ukafika, Mkunga akashindwa vibaya sana. Siku ya matokeo magari ya Mkandarasi yalipita mbele ya duka yakipiga honi, na mume wangu akayapungia mkono kwa heshima zote. Kisha akajitazama kwenye kioo, akazishika ndevu.

"Miaka mitano si mingi," akasema.

Nilichukua mashine ya kunyolea, nikagonga mgongo wa kiti. "Kaa."

"Mama Kadogo, niliapa. Hajashinda."

"Nilimpigia mimi."

"Ulimpigia nani?"

"Mkunga. Niliingia pale kituoni nikiwa na Mkandarasi kichwani, nikashika kalamu, nikamkumbuka Kadogo alivyolia." Nikaiwasha mashine. "Nampenda yule mama. Na wewe nakupenda, pamoja na uchafu wako huo usoni."

Alinitazama, kisha akaketi. Akajifunga kitambaa shingoni kwa mikono yake mwenyewe, akainua kidevu.

"Basi ameshinda," akasema. "Anza upande huu wenye nyingi."