Vilivyotoka Mgongoni mwa Mama Tarishi

Inatangazwa rasmi, kwa manufaa ya umma na vizazi vijavyo, kwamba kila anayekwenda kwa mnyooshaji wa viungo kwa mara ya kwanza hana budi kuzingatia kanuni moja kuu: avae chupi isiyo na tundu. Mengine ni ziada.

Mama Tarishi alizingatia. Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa kwenye benchi la kungojea, amejikunja kama ndoana, moyo unamdunda kwa shauku. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepanda ghorofa sita za ofisi kwa miguu, maana lifti ni ya wakubwa. Sasa bosi ametoa waraka: tarishi asiyeweza kusimama wima Jumatatu, kazi hana. Alisindikizwa na mwanawe, mwanafunzi wa bweni, kijana mpole, mwenye adabu, asiyehusika kabisa na kisa hiki.

Mnyooshaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja kama makasia. Hana dawa wala sindano; kazi yote ni mikono. Kwanza aliuliza maswali: unalalia ubavu gani, uliwahi kuanguka, kazini unabeba nini.

"Vitu vidogo vidogo tu, dada."

"Tutaviona," alisema mnyooshaji, akanawa mikono.

Akamlaza kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la kuwekea uso. Akapapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, akasimama kwenye ya tatu, akabana. Ko! Ukadondoka mrundo wa mafaili, bado yamefungwa kamba.

"Pumua nje, mama."

Ko! Dumu la maji la lita ishirini, limejaa. Mnyooshaji akalisogeza kwa mguu lisimzibie njia.

Mama Tarishi alikuwa anacheka ndani ya tundu. "Ongeza, dada, usinionee huruma. Nasikia narefuka."

Alikuwa anarefuka kweli. Nyayo zilikwisha kupita ukingo wa kitanda.

Chini ya mbavu palikuwa na kizito. Mnyooshaji alipanda kitandani, akaegemeza kiwiko. Kikatoka kiti cha kuzunguka, na juu yake bosi mwenyewe, na tai yake, amelala. Akafumbua jicho moja.

"Tumefika ghorofa ya ngapi?"

"Bado, mzee. Leo Jumamosi," Mama Tarishi alimjibu kutoka ndani ya tundu.

"Basi usikawie Jumatatu," akasema, akaendelea kukoroma.

"Wa namna hii nawatoa kila wiki," alisema mnyooshaji. "Ila hurudi. Uje tena baada ya mwezi."

Mwisho, kiunoni, likatoka sanduku la bati la shule, lile ambalo Mama Tarishi hulibeba kila muhula kulipeleka kituo cha basi na kulirudisha nyumbani. Kifuniko kikafunguka. Ndani mlikuwa na shuka mbili, kipande cha sabuni, na mawe saba yaliyotiwa vizuri kwenye soksi.

"Haya mawe ni ya nini?" aliuliza Mama Tarishi, akiwa ameshaketi.

Hapa msimulizi anaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ruhusa imekataliwa.

Haya basi. Yule kijana mpole ni mimi. Niliyatia mawe ili kiranja wa bweni, aliyezoea kulipekua sanduku langu, ateguke bega. Hakuligusa tena. Kuyatoa nikaona uvivu, na mbebaji hakuwa mimi. Mihula saba nilimsikia mama akihema njiani, nikadhani ni uzee.

Mama hakunipiga. Alisimama wima kama mlingoti, akavaa, akamshukuru mnyooshaji kwa mikono miwili. Kisha akavikusanya vitu vyake, maana mali ya ofisi haiachwi ovyo: mafaili, dumu, kiti na bosi wake, vyote mgongoni. Jumatatu alisimama wima, kazi akabaki nayo, na lifti ikabaki ya wakubwa.

Lakini hiyo ni Jumatatu. Jumamosi ile, pale mlangoni, aliinama na kulichukua sanduku pia. Nikasema, "Mama, lete nibebe."

Na kwa kuwa leo ni siku ya kukiri, nakiri hili nalo: nilisema polepole sana, nikiomba asisikie. Hakusikia.