Mchicha wa Shingoni

Siku ya kuvuna, mpishi wa shule alikaa nje ya jiko akichambua maharage yaliyotobolewa na wadudu. Mbele yake, darasa la tano walikuwa wakikata mchicha walioupanda, wakaupalilia na kuumwagilia wenyewe. Mjukuu wake alikuwa miongoni mwao. Tenga lilipojaa, mwalimu mkuu akapita.

"Mama, hilo lifike nyumbani kwangu. Watoto wana maharage yao."

"Sawa, mwalimu."

Akajitwika, akapeleka.

Kesho yake mwalimu mkuu alisimama mstarini na miche ya mchicha imemwota nyuma ya masikio, mibichi, ya majani mawili mawili. Akatoa matangazo. Kufikia mwisho wa wiki mchicha ulikuwa umeshuka hadi kwenye kola. Mkewe alifunika wake kwa kitambaa. Mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyekuwa amealikwa chakula nyumbani kwao, ulimwota kwenye nyusi, akawa anausogeza pembeni kila anapotaka kusoma. Hapakuwa tena na haja ya kuuliza nani alikula nini, na hakuna aliyeuliza.

Wiki iliyofuata mjukuu alianguka darasani kwa njaa. Mpishi alimlaza jikoni, akampa uji, kisha akafuta mikono na kwenda ofisini.

"Mwalimu, watoto wanaanguka. Walau tenga moja liingie chunguni."

Mwalimu mkuu alijikuna. Udongo ukadondoka mezani.

"Nimekusikia, mama. Lakini unaniona nilivyo. Magugu yamenizidi, na huku nyuma mkono haufiki."

Ikapangwa zamu. Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, wanafunzi wawili walimpalilia na kummwagilia kwa kopo, naye ameinamisha kichwa. Mwalimu wa kilimo aliwaleta wengine wajifunze kupunguza miche. Mjukuu alisifiwa kwa wepesi wa mkono.

"Bibi, shingo yake ina rutuba kuliko bustani," alisema siku moja, akinawa vidole. "Leo tumevuna."

"Mmepeleka wapi?"

"Mkewe alikuja na sufuria."

Mpishi aliuzamisha upawa chunguni, akakoroga hadi chini, akampakulia maharage.

"Kula, yasipoe."

Mtoto akala. Nyuma yake foleni ilisogea.