Kigugumizi Hakifungi Taya

Maneno yalianzia bombani yakamfuata Vitalia mpaka jikoni: binti yake Rosina amehamiwa na kigugumizi cha mzee Bartholomayo. Kwani nani pale Lundo hakumwona binti yule akimwigiza mshona nyavu, anadonoa maneno kama kuku anavyodonoa mahindi, wenzake wameshika mbavu? Na tangu zamani husemwa, ukimwigiza mwenye kigugumizi, kinakuhamia. Vitalia akiyatupa maneno hayo mlangoni, yanarudi dirishani.

Maana kweli mtoto hakuwa anasema sawasawa. Juzi alilalamika shingo inauma. Jana maneno yakawa yanatoka yamebanwa, kama ya mtu aliyeuma kitu. Leo uji ulimshinda, midomo ikavutika huku na huku.

"Bado anacheka," alisema Agripina, wifi yake Vitalia. "Mtoto ana dharau huyu. Mzaha wake atazikwa nao."

"Hacheki, wifi. Mtazame macho."

Macho yalikuwa yanalia.

Dawa ilijulikana: mwenye kigugumizi aombwe radhi, asukutue maji, aliyemwigiza ayanywe. Vitalia akamkabidhi Agripina jogoo wa kuombea radhi, akambeba binti wa miaka kumi mgongoni kama mtoto mchanga, mwili umekakamaa kama gogo. Wakashuka ufukweni, majirani nyuma yao utadhani wanasindikiza bibi harusi.

Bartholomayo alikuwa amekaa chini, wavu wa dagaa wa usipa mapajani. Vitalia akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba. Mtoto kakukosea. Nihurumie mimi, sina mwingine."

Mzee akamtazama Rosina, akatikisa kichwa.

"Hi-hi-hiki si..."

"Hiki si kitu, anasema," Agripina akamdakia. "Amesamehe. Haya, mjomba, sukutua, jua linakwenda."

Akamsukumia kikombe. Mzee wa watu akasukutua, ili tu wamwache aseme. Vitalia akakipeleka kikombe mdomoni mwa mwanawe. Meno hayakuachana. Maji yakamwagika kidevuni, na mara mgongo wa Rosina ukapinda kinyumenyume, kichwa kama kinatafuta visigino.

Bartholomayo akasimama, wavu ukaanguka. "Si ki-ki-ki..."

"Si kisasi?" mmoja akauliza.

"Si kiburi?" mwingine akadakia, na kuna aliyecheka.

"Nyamazeni," Vitalia alisema. "Mwacheni amalize."

Kungoja kule kulimkata maini. Mtoto anatetemeka mikononi mwake, na neno la mzee limekwama kama gari kwenye tope, linakwenda mbele, linarudi nyuma. Naye asithubutu kulisukuma.

"Si kigugumizi," mzee alisema mwishowe. "Ki-kigugumizi kinashika ne-neno. Taya hakifungi. Nitazame." Akaachama mpaka magego yakaonekana. "Huyu a-amefungwa taya. Ana ki-kidonda wapi?"

Kidonda? Vitalia akaushika unyayo wa kushoto. Wiki iliyopita ndoana yenye kutu ilimchoma hapo, akampaka majivu, pakafunga, wakasahau. Sindano hakuchomwa.

Bodaboda iliwapeleka Liuli, Rosina amebanwa katikati, kila shimo la barabara likimkunja upya. Hospitalini muuguzi alimgusa shingo, akaita wenzake. Pepopunda, walisema.

Sasa amelazwa kwenye chumba cha giza. Mlango ukilia kidogo tu, mwili mzima unakaza. Daktari hasemi atapona, wala hasemi hatapona. Vitalia amekaa nje kwenye kanga yake na hali chakula. Anachoomba kwa Mungu ni neno moja la mwanawe, hata likitoka vipande vipande.

Basi wewe mwenye mtoto, epuka haya:

Usiite kigugumizi kila usemi unaokwama. Kigugumizi kwa kawaida huanza utotoni. Mtu hukwama, akaendelea, na kinywa kinafunguka. Kilichomwanza mtu ghafla kina jina lingine.

Usipake majivu kidonda cha ndoana wala cha msumari. Osha kwa maji na sabuni, nenda zahanati siku hiyohiyo, uliza sindano ya pepopunda.

Usimnyweshe kitu mtoto ambaye meno hayaachani.

Usimdhanie anacheka.

Usimmalizie maneno mwenye kigugumizi.

Usipeleke jogoo popote kabla hujapeleka mtoto hospitali.

Usingoje kesho.